Mashimo ya Julai

Nungunungu wa kwanza kumwona kwa macho yangu nilimwona Johannesburg. Kwetu Uvira, mashariki ya Kongo, nilikuwa nimemla mara mbili tatu, amepikwa kwa mawese, bila kujua anatembeaje wala anakula nini. Ilibidi nipande mabasi ya nchi tatu, nije kwenye jiji la maghorofa na nyaya za umeme juu ya kila ukuta, ndipo nikutane naye uso kwa uso. Na kabla sijakutana naye nilikuwa nimeshamharibia mtu jina kwa kosa lisilokuwa lake.

Nitaieleza habari hii kama ilivyokuwa, bila kujipunguzia. Nina hasira za karibu. Nazijua, na mama yangu alizijua kabla yangu, ndiyo maana alikuwa akinituma kuchota maji kila aliponiona nimekunja uso, ili nirudi nimepoa. Johannesburg maji yako bombani ndani ya nyumba, hakuna safari ya kupoza mtu.

Nilifika mwishoni mwa mwaka 2015, wakati wa mvua. Nikapanga chumba Rosettenville, nikawa nasuka watu nywele, lakini mikono yangu ilikuwa inatamani udongo. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa baridi, mama mmoja wa kanisani kwetu aliyekuwa akifanya usafi kwa bibi mmoja Mreno akanipeleka huko. Nyumba ilikuwa kusini zaidi, mtaa wa mwisho kabla ya vilima, na nyuma yake kulikuwa na kiwanja kirefu ambacho marehemu mume wa bibi alikuwa akilima kabichi na viazi. Tangu afe palikuwa pameota magugu tu. Bibi alikuwa amepita miaka themanini, macho yamefifia, na wakati wa baridi hakutoka jikoni. Tuliongea Kiingereza cha kuokoteza, yeye chake na mimi changu, tukaelewana: mimi nilime, yeye apate mboga ya sufuria yake na mtu wa kumfagilia uwanja.

Nikapanda lengalenga, yaani mchicha, na sukuma wiki ya kuvumilia baridi, na zaidi ya yote nikapanda viazi vitamu kwa ajili ya majani yake, matembele. Mkongo aliyekaa miezi sita bila matembele anaweza kutembea kwa miguu toka maghorofa ya Hillbrow kuyafuata. Jumamosi nilikuwa nayauza Bertrams, kando ya barabara, na saa nne ya asubuhi huwa nimebaki na gunia tupu na maneno ya waliochelewa.

Kilichonishangaza kule kwa bibi ni wanyama. Nimetoka nchi ambayo watu wa mbali wakiitaja hutaja misitu na sokwe, lakini mimi ni mtoto wa mjini, niliyezoea mbuzi na bata. Hapa Johannesburg, alfajiri, hadida, ndege wa huku, walikuwa wakinipita juu ya kichwa na midomo yao mirefu, wanapiga kelele kama watu wanaogombania urithi. Kanga wa porini walivuka lami kwa mstari, na magari yakawangojea. Nguchiro aliingia jikoni kwa bibi mchana kweupe akatoka na mkate. Niliposimulia hayo kwa watu wa Hillbrow walinicheka, wakasema naona ndoto. Wao mnyama waliyemjua ni panya.

Pale uani kwa bibi kulikuwa na mpangaji mmoja, kijana wa Kirundi wa miaka thelathini hivi. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye shule moja. Alikuwa akirudi asubuhi mimi nikiwa nimeinama shambani, begi mgongoni, ananiamkia, ananiuliza habari za nyumbani, kisha anaingia kulala. Alikuwa mtu wa maneno machache, nikamtania mara moja kwamba analipia kila neno, akatabasamu bila kujibu. Huko ndiko kujuana kwetu kote kwa mwaka mzima. Mtu niliyekuwa namwona kila siku, na sikumjua.

Baridi ya huku haiji na mvua wala ukungu. Ni baridi kavu. Jua linawaka mchana kutwa kwenye anga safi na wewe unatetemeka chini yake, midomo imepasuka, na nguo ulizoanika alfajiri unazikuta zimekakamaa kama mbao. Mwaka 2017 ilikuja mapema. Asubuhi moja ya Mei nilikuta umande umeganda mweupe shambani kote, na jua lilipopanda matembele yote yakawa meusi na malegevu, utadhani mtu ameyamwagia maji ya moto. Nilisimama pale nikalia machozi ya hasira. Halafu nikapiga moyo konde. Majani yamekufa, nikajiambia, lakini viazi viko chini, na viazi vikiwa hai, Septemba vitachipua.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ni la watu wa kwetu. Uvira hatuchimbi viazi vyote kwa mara moja tukaviweka ndani. Udongo ndio ghala letu. Unachimba vya leo, vya kesho vinabaki pale pale chini, vinakungoja hata miezi mitatu. Mwanamke anayevichimba vyote siku moja anaonekana ama anahama ama hana adabu ya kilimo. Basi nikaviacha ardhini, nikavifunika kwa majani makavu na mablanketi makuukuu, nikajisifu.

Mwezi wa Juni moto ulikula vilima vyote vya nyuma. Nyasi za huku wakati wa baridi zinawaka kwa cheche moja. Siku mbili tuliishi ndani ya moshi, na moshi ulipoondoka vilima vilikuwa vyeusi, havina jani. Sikufikiri kwamba kuna wanaoishi kule watakaokosa chakula. Nilichofikiri ni kwamba mablanketi yangu yamenusurika.

Shimo la kwanza nililikuta mwanzoni mwa Julai. Blanketi lilikuwa limevutwa kando, udongo umefukuliwa, viazi hakuna. Kesho yake mashimo mawili. Wiki ikaisha nikiwa nimepoteza karibu nusu ya shamba, yaani nusu ya mbegu yangu ya Septemba. Kulikuwa na vipande vya viazi vilivyotafunwa, nikasema ni panya wamekuja kumalizia mabaki ya mwizi. Maana kwetu mwizi wa viazi anajulikana, kila mwanamke wa Uvira ana habari zake, anakuja gizani na kijembe kifupi. Na Johannesburg tangu nishuke basi kila mtu alikuwa amenionya juu ya watu. Shika mkoba wako, usitoe simu barabarani, usimwamini anayekusalimia. Hakuna aliyenionya juu ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo nilipoona shimo nilitafuta mtu.

Nani anakuwa macho usiku? Mlinzi. Nani anaingia pale alfajiri na begi? Mlinzi. Viatu vyake nilivitazama, vilikuwa na udongo. Na Jumapili nilipopitia kumwachia bibi mboga, harufu ya kiazi kitamu kilichochemshwa ikanijia kutoka chumbani kwa yule mlinzi, mlango ukiwa wazi, na yeye amekaa kitandani anakula kwa chumvi. Moto ulinipanda kichwani. Sikumwambia neno. Nilikwenda kanisani, na baada ya ibada, kwenye chai, nikawaambia akina mama kwamba yule Mrundi wa kwa bibi ananiibia. Sikusema nadhani. Nilisema ni yeye. Wakaguna, wakatikisa vichwa, mmoja akasema walinzi ndivyo walivyo, na mimi nikafurahi kusikilizwa.

Jioni ile ile nikarudi kwa bibi kumweleza. Mwanawe alikuwapo, mtu mzima mwenye gari kubwa anayekuja kumtembelea mama yake kila Jumapili. Alinisikiliza kwa makini kuliko bibi. Akaniuliza kama nina uhakika, nikajibu ninao. Akatoa simu, akapiga kampuni ya ulinzi, akawaambia mlinzi wao ni mwizi. Yote yalichukua muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai.

Nilitaka kijana akome, basi. Sikutaka zaidi ya hapo. Lakini nilikuwa nimesahau kazi yake ni nini. Fundi akiitwa mwizi anaweza bado kushona, mpishi anaweza bado kupika. Mlinzi akiitwa mwizi amekwisha. Jumatatu walimsimamisha, mwana wa bibi akamwambia ahame, na Jumanne nilimkuta anafunga vitu vyake: begi, blanketi, jiko dogo la umeme. Jua lilikuwa linawaka na upepo wa barafu unavuma. Akanijia akasimama mbali kidogo.

"Mama, mimi sikuiba viazi vyako."

"Na vile ulikuwa unakula Jumapili?"

"Nilinunua. Spaza ya pale kwenye roboti."

Spaza ni kiduka cha mtaani, na hicho kilikuwa pale kwenye taa za barabarani, na ni kweli viazi vitamu vilikuwapo, nilikuwa nimeviona mwenyewe. Nilijua hilo wakati anasema. Lakini nilikuwa nimeshatangulia mbele sana, nikamjibu kwamba kila mwizi ana duka lake. Alibeba vitu vyake akaondoka, na mimi nikarudi kuinama shambani kana kwamba nina kazi.

Siku sita baadaye nilikuta mashimo matatu mapya.

Nilikaa chini palepale. Chumba chake kilikuwa na kufuli, yeye alikuwa hayuko, na shamba limechimbwa. Nilitamani iwe ni mwizi mwingine, yeyote. Nikaanza kukagua shimo kwa mikono, na ndani ya la tatu, penye udongo uliolegea, nikaokota mwiba mrefu kama kalamu, mweusi kwa mweupe. Kisha mwingine karibu na ukuta, mahali ambapo mvua ilikuwa imechimba uwazi chini ya matofali. Hata mimi niliyemjua kwenye sahani tu niliujua mwiba ule.

Nilimpelekea bibi jikoni. Aliushika mwiba karibu kabisa na macho, akaugeuzageuza, kisha akaniambia kwamba mumewe kila wakati wa baridi alikuwa akizungushia viazi vyake mabati, na yeye miaka yote alidhani ni kwa ajili ya upepo. Alimpigia mwanawe. Mwanawe akasema ameshaongea na kampuni na hana muda wa kuongea nayo tena. Nilimsikia sauti yake ndani ya simu, na niliitambua vizuri. Ilikuwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana alikosea, kama yangu.

Basi nikaamua. Niliharibu kwa mdomo wangu, nitatengeneza kwa miguu yangu. Siku iliyofuata, Jumanne, sikusuka nywele za mtu. Nilikwenda mjini kwenye ofisi ya kampuni, ghorofa ya pili, miiba miwili imefungwa kwenye gazeti. Msimamizi alikuwa Mzulu mnene mwenye koti la manyoya, kajiko ka umeme miguuni. Alinipa kiti, akasikiliza, akafungua gazeti, akalifunga.

Akaniambia kwa upole kwamba miiba hii inauzwa sokoni kwa waganga, chini ya daraja, hata yeye anaweza kununua fungu zima. Na kwamba watu wengi huja kuwatetea ndugu zao. Nikamwambia si ndugu yangu, mimi ndiye niliyemshtaki. Akanitazama upya. Akasema Ijumaa anafunga faili la kijana, na likifungwa na neno wizi ndani yake, kampuni nyingine zikipiga simu kuuliza atawajibu kilichoandikwa. Kama nataka abadilishe, nimletee picha ya huyo mnyama akiwa ndani ya shamba langu.

Ilikuwa Jumanne mchana. Nilikuwa na alfajiri tatu.

Bibi alinipa ufunguo wa chumba cha uani. Nikalala kwenye kile kitanda alichokiacha mlinzi, godoro jembamba juu ya mbao. Dirisha lilikuwa na kioo kimoja kilichovunjika, kimezibwa kwa katoni, na upepo ulipita pembeni mwake bila kuomba ruhusa. Nilijifunika kila nilichokuwa nacho na bado nilitetemeka. Mwaka mzima nilikuwa napita nje ya mlango ule, na sikuwahi kujiuliza humo ndani kuna nini.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nje, nimejibanza nyuma ya pipa la maji. Nyasi zilikuwa nyeupe na zinakatika chini ya viatu. Nilikohoa mara moja tu. Kitu kikakimbia upande wa ukuta kwa kishindo kidogo, na sikuona hata kivuli. Hadida wakaamka, jua likatoka, nikabaki na pua inayochuruzika.

Alfajiri ya pili niliziba mdomo kwa kitenge. Alikuja. Kwanza nilisikia pumzi kama ya mtu anayenung'unika puani, kisha nikamwona akijiminya chini ya ukuta na kusimama. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani, mnene kama mbwa aliyelishwa vizuri, na alitembea taratibu bila wasiwasi wowote. Nikatoa simu. Ilikuwa na nusu ya chaji. Nikaielekeza, ikawaka, ikazima. Baridi ilikuwa imeiua mkononi mwangu. Nililia kimyakimya nyuma ya lile pipa huku yeye akichimba kiazi changu, akakishika kwa mikono miwili akakila kama mtu anayekula muhindi wa kuchoma, bila haraka. Niliyekuwa namtafuta wiki tatu alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, na mshtakiwa wangu alikuwa sijui wapi, na sikuwa na la kuonyesha.

Mchana ule nilimsimulia mama mmoja muuza simu Rosettenville. Akacheka, akasema kila baridi watu wanamletea simu wakidhani zimekufa. Zitunzwe penye joto la mwili. Basi alfajiri ya tatu, Ijumaa, simu ilikaa mahali ambapo akina mama wa kwetu tunaweka kila kilicho cha thamani, kifuani, ndani ya sidiria, chini ya sweta mbili na koti. Nilingoja mpaka miguu ikaacha kuwa yangu. Alipokuja sikuharakisha. Nilimwacha achimbe, nilimwacha ashike kiazi. Nikaitoa simu ikiwa na moto wa kifua changu na nikabonyeza.

Mwanga ulipopiga, alisimamisha miiba yote kwa mpigo, ikagongana kwa sauti ya vijiti vikavu, akageuka na kuja kwangu kinyumenyume. Hakuna aliyeniambia kwamba nungunungu anapigana kwa mgongo. Niliruka, nikaangukia makalio juu ya barafu, nikabonyeza tena nikiwa chini. Akabadili nia, akaenda zake ukutani bila kukimbia. Nilikaa pale nimeloa nacheka peke yangu kama kichaa, kisha nikatazama picha. Ya kwanza haikuwa na kitu. Ya pili ilionyesha makalio yake yote, miiba imesimama, na mbele yake mablanketi yangu, na ukuta wa bibi na bomba lake la bluu. Haikuwa picha nzuri. Ilikuwa picha ya kweli.

Saa tatu nilikuwa ofisini. Msimamizi aliitazama, akaikuza kwa vidole, kisha akacheka mpaka akafuta machozi, akawaita wenzake wa chumba cha pili nao wakaja wakacheka. Nilingoja wamalize. Nikamwambia abadilishe faili. Akasema amebadilisha, kijana atarudishwa kazini. Lakini shule imeshapewa mlinzi mwingine na haitaki kubadilishiwa tena, kwa hiyo atapangiwa kaskazini mwa jiji, mbali, teksi mbili, zile basi ndogo za abiria, na mwendo wa miguu. Hiyo ndiyo nafasi iliyopo.

Nikaomba barua. Akasema umeme umekatika, kompyuta haifanyi kazi, nije Jumatatu. Nikasema nitangoja. Akasema unaweza kurudi jioni. Nikasema basi jioni itanikuta hapa. Nilikaa kwenye kile kiti saa tatu nzima, na yeye akawa anatoka na kuingia akiniruka kwa macho. Mwishowe alichukua kalamu akaiandika kwa mkono: kwamba malalamiko hayakuwa ya kweli, kwamba aliyeyatoa ameyafuta mwenyewe. Akapiga muhuri. "Eish, mama," akasema, akanisukumia karatasi.

Kumpata kijana kulinichukua siku nzima ya Jumamosi. Sikuuza mboga. Nilimpata Hillbrow, ghorofa ya saba, lifti haifanyi kazi, kwenye chumba cha Warundi wenzake wanaolala kwa zamu, wa usiku wanapokezana kitanda na wa mchana. Tuliongea kwenye korido kwa sababu ndani kulikuwa na aliyelala. Nilimpa barua. Akaisoma, akaisoma tena, akaikunja vizuri akaiweka mfuko wa shati. Nikamwambia nimemkosea, mbele ya Mungu na mbele yake, nikamwomba anisamehe. Nikamwambia chumba kipo, bibi anamngoja, kioo nitakitia mimi.

"Asante kwa barua, mama," akasema. "Lakini ulikuwa unaniona kila asubuhi. Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungesema hapana."

"Ndiyo. Na ingekuwa kweli."

Neno hilo ninalo mpaka leo. Hakurudi kwenye kile chumba. Kuhusu msamaha alisema amesikia, na mtu aliyelelewa kama mimi anajua kwamba kusikia si kusamehe. Nilishuka ngazi za ghorofa zote saba nikishikilia ukuta.

Jumapili nikaomba nafasi ya kutoa ushuhuda. Akina mama walinitazama kwa furaha, wakidhani nimepata makaratasi au mume. Nikasimama nikasema: wiki mbili zilizopita, kwenye chai, niliwatajia mtu nikasema ni mwizi. Hakuiba. Niliyesema uongo ni mimi. Nikaeleza mashimo, miiba, simu ya kifuani, na kuanguka kwangu. Nilipofika kwenye kuanguka kanisa zima likacheka, hata mchungaji. Wakaniamkia kwa vicheko mlangoni, wengine wakiniita mama nungunungu, na wiki nzima habari ikazunguka. Nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Juni. Nilidhani nimemaliza.

Viazi vilivyobaki nilivichimba vyote siku moja, bila kujali adabu ya kwetu, nikavizika kwenye sanduku la mchanga jikoni kwa bibi. Mabati ya marehemu tuliyapata nyuma ya gereji, nikazungushia shamba. Septemba vilichipua. Nungunungu nilimsikia mara kadhaa akikwaruza bati kwa nje, na sikumfanyia chochote. Yeye sikuwa na ugomvi naye.

Kijana alikaa kule kaskazini mwaka mmoja na nusu. Huko akaoa, akapata mtoto wa kike, kisha akapata zamu ya mchana karibu na Bertrams. Nilianza kumwona Jumamosi akipita mbele ya meza yangu, mtoto mabegani, kofia ya sufu imemfunika mpaka machoni. Ananiamkia. Mara nyingine ananunua fungu, na kila nikitaka kumwongezea la bure ananirudishia.

Baridi ya 2019, Jumamosi moja, alipita hivyo, akaniamkia, akaendelea. Mezani kulikuwa na mteja, dada mgeni wa kutoka Lubumbashi ambaye hakuwa amemaliza hata miezi minne mjini. Akamfuata kwa macho mpaka akapinda kona, kisha akaniinamia.

"Mama, ule mutu unamujuaka? Ujichunge naye. Banasemaka ni mwizi."

"Nani anasema?"

"Batu. Bote banasema."

"Aliiba nini?"

Akafikiri. "Sijue," akasema. "Vitu."

Katika habari ile viazi vilikuwa vimeshaanguka njiani. Mashimo yalikuwa yameanguka, na nungunungu, na picha, na kicheko cha kanisa zima. Neno nililolitia mimi duniani kwenye kikombe cha chai lilikuwa limetembea miaka miwili peke yake, limewapita wote waliocheka, limemfikia mtu ambaye hata hakuwa amefika nchi hii siku nilipolisema. Na lilikuwa bado lina nguvu.

"Ni mimi nilisemaka," nikamwambia. "Kaa hapa nikuambie."

Alitazama barabara, akasema ana haraka, teksi inajaa. Nikaweka sukuma wiki chini, nikamshika mkono. Nikamwambia teksi nyingine itakuja, na sikumwachia mpaka nilipomaliza.